Karatasi ya Pili ya Mama Saa

Watu walimwita Mama Saa kwa sababu ya saa ya kuhesabia sekunde aliyoining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, wala si kwa sababu aliwahi kufika kazini kwa wakati. Alikuwa mchelewaji hodari. Lakini akishaketi katika chumba namba sita cha idara ya saikolojia, meza tupu mbele yake na mtu upande wa pili, hakuna aliyemfikia. Kidole gumba juu ya kitufe, jicho kwa anayepimwa, sauti ile ile isiyopanda wala kushuka, awe anampima mwalimu mkuu au mlevi aliyeokotwa mtaroni. Penseli zake hazikuwa na raba. Aliyekosea aliache kosa lake pale lilipo, alisema, maana kosa nalo ni jibu.

Kazi yake ilikuwa mpimaji. Mpimaji huuliza, huonyesha picha, huhesabu, huandika. Kisha mwanasaikolojia mwenye shahada zake husoma yaliyoandikwa, hukunja uso kidogo, hutia sahihi. Mgonjwa akipona, mkono wa shukrani huenda kwa mwenye sahihi. Mama Saa aliishi na utaratibu huo miaka thelathini na minane bila kunung'unika, isipokuwa kwa jambo moja. Hilo moja alilifukia moyoni kama kaa chini ya majivu, na kila asubuhi alilipuliza kidogo lisije likazima.

Alianza pale akiwa na miaka kumi na tisa, mpiga chapa. Vipimo vya wakati huo vililetwa kutoka nchi za baridi ndani ya sanduku la ngozi lenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao mkuu wa idara peke yake, kana kwamba ndani mna dhahabu. Siku moja aliletwa mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, ijulikane kama akili zake zimetulia. Akaonyeshwa picha ya kile kigari kisicho na magurudumu ambacho watoto wa huko hutelezea juu ya theluji. Mwashi akaigeuza picha, akaitazama kwa heshima zote, akamwinamia yule binti mpiga chapa aliyekuwa akingoja karatasi.

"Dada, hiki ni kitanda cha mbwa?"

Akapewa sifuri. Ripoti ikasema uwezo wake wa kutambua vitu ni hafifu. Na mwashi huyo huyo, dakika kumi nyuma, kwenye benchi la nje, alikuwa amemweleza binti kwa nini ukuta wa idara una ufa na utaanguka upande gani. Ukuta uliangukia upande huo huo miaka miwili baadaye, ukavunja baiskeli ya mhasibu.

Binti aliichapa ile "hafifu" akaona aibu kama aliyetoa ushahidi wa uongo. Jioni akamsimulia dada yake, fundi cherehani, aliyemzidi kwa miaka minne na kwa ulimi usiosemeka.

"Sasa unasononeka nini?" dada mtu aliuliza, pini mdomoni. "Picha mbovu si zichorwe nyingine?"

"Mimi sijui kuchora."

"Nani kakuomba wewe? Lete karatasi."

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kipimo ambacho leo kinafundishwa katika vyuo vyote. Dada alichora alivyoviona: ndoo, kufuli, ufagio, mwavuli, birika, kiatu kilichochanuka kisigino. Mkasi aliuchora wake mwenyewe, ule ambao tundu moja la kidole alilizungushia kitambaa kwa sababu lilimchubua. Mdogo mtu alizichukua picha hizo kila alipopata nafasi, akazijaribu kwa watu: wodini, kwa vinyozi, kwenye mabenchi ya mahakama, kwenye darasa la watu wazima, mbele ya mafundi viatu. Aliuliza kwa lugha tatu, na pale lugha zilipomwishia aliuliza kwa mikono. Miaka sita. Watu mia nne na kumi na wawili, kila mmoja na ukurasa wake katika madaftari tisa: umri, kazi, alikumbuka ngapi, alikosea wapi, alichukua sekunde ngapi. Idara ikaona bidii yake ikampa cheti cha miezi mitatu na cheo cha mpimaji.

Kipimo chenyewe kilikuwa na karatasi mbili. Karatasi ya Kwanza ilikuwa ya kawaida: picha kumi na tano, utazame, ufunike, utaje unazokumbuka. Karatasi ya Pili ilikuwa mtoto wa dereva mmoja.

Dereva huyo aligonga ukuta wa shule na akadai mbele ya hakimu kwamba hakumbuki lolote tangu siku hiyo, hata alichokula asubuhi. Alipopimwa kwa Karatasi ya Kwanza hakutaja kitu. Sifuri. Lakini Mama Saa, ambaye alikuwa amepima wasahaulifu wa kweli mpaka akawajua kwa harufu, alihisi kitu kimekaa upogo. Akamtengenezea mtihani mwingine. Picha arobaini, moja moja. Kisha picha mbili mbili, moja aliyoiona na moja ngeni, naye aonyeshe kwa kidole ile aliyoiona. Basi. Kabla ya kuanza, anayepimwa huambiwa kwamba sehemu hii ni ngumu, watu wengi huishindwa.

Huo ulikuwa uongo wa makusudi, kwani ni rahisi mno. Wazee waliosahau majina ya watoto wao walipata thelathini na zaidi. Hata kipofu akiongozwa kidole juu ya meza angepata kama ishirini, kwa bahati tu, kwa sababu kila mara majibu ni mawili na moja ni sahihi. Dereva alipata matatu. Kupata matatu kati ya arobaini lazima uyajue majibu yote, uyakwepe moja moja. Mama Saa aliandika chini ya maelezo ya Karatasi ya Pili: *Aliyesahau hubahatisha. Anayekwepa huchagua.* Akaongeza kwamba chini ya kumi na mbili, mtu anakumbuka vizuri sana.

Ndipo akatokea Bwana Dibaji.

Jina hilo alipewa baadaye na wafanyakazi, alipokuwa profesa na kuandika dibaji za vitabu vya watu wote; walisema hata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe alikiandikia dibaji. Wakati huo alikuwa mhadhiri mpya aliyerudi kutoka ng'ambo na udaktari, viatu vinavyolia, na tabia ya kumshika mtu bega. Aliona picha mezani kwa mpimaji.

"Kitu kizuri hiki. Niachie nikiangalie wikiendi."

Akamwachia. Karatasi ya Kwanza, mwongozo wote, majedwali ya watu mia nne na kumi na wawili. Karatasi ya Pili haikuwamo kwa sababu ilikuwa bado masjala ikingoja kunakiliwa. Ilirudi wiki mbili baadaye na muhuri wa tarehe. Wikiendi ikawa miezi minane. Kisha kikatoka kitabu, jalada gumu, jina moja tu juu yake, na si la mpimaji. Mwishoni mwa dibaji palikuwa na mstari huu: *Shukrani pia kwa mpimaji wetu, kwa uvumilivu wake katika kupanga karatasi.*

Alimfuata ofisini, kitabu mkononi. Bwana Dibaji hakusimama.

"Mbona umevimba? Si nimekushukuru? Soma dibaji."

Akaenda kwa mkuu wa kitivo na ile karatasi yenye muhuri. Mzee yule aliugeuza muhuri kwenye mwanga. "Muhuri unaonyesha karatasi ilipita masjala, binti yangu. Hauonyeshi ilitoka kichwani mwa nani. Una shahada gani wewe?" Hakuwa nayo. Mlango ukafungwa kwa upole, na ule upole ndio uliomuuma.

Lakini usiku wa kwanza alipokisoma kile kitabu neno kwa neno, aliona kitu kwenye ukurasa wa arobaini na moja. Mwizi alikuwa amenakili kila kitu, hata kile asichokielewa. *Endapo anayepimwa ameizoea Karatasi ya Kwanza, itumike Karatasi ya Pili.* Karatasi ambayo hakuwa nayo, hakuwahi kuiona, na hakujua ina nini. Kwa miaka ishirini na sita watu walimwandikia kuiuliza, naye aliwajibu kwamba iko mbioni.

Mama Saa aliiweka katika bahasha ya kaki, chini ya vitambaa vya dada yake, akangoja.

"Kisasi chako kitachacha," dada alimwambia mara nyingi. "Kisasi ni uji. Hunywewa ungali moto."

"Changu ni achari," mdogo mtu alijibu. "Kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyonoga."

*

Baraza jipya la wanasaikolojia lilipoundwa, jambo lake la kwanza lilikuwa kutafuta kipimo kimoja rasmi kwa hospitali zote. Wote walikubaliana ni hiki. Ila baraza lilikuwa na vijana waliosoma takwimu, na vijana hao hawakuheshimu viatu vinavyolia. Wakamwandikia Profesa barua ya adabu: tafadhali lete madaftari ya wale watu mia nne na kumi na wawili, tuhakiki. Hakuleta. Wakaandika ya pili, na hii haikuwa na adabu nyingi. Mtu akitoa majedwali bila madaftari, katika fani hii hushukiwa kwamba watu hao aliwabuni.

Bwana Dibaji, sasa ana miaka sabini, akajibu kwa wakili. Kumbukumbu zake zimeanza kupotea. Ya zamani hayakumbuki tena: madaftari yalikaa wapi, nani alifanya nini. Baraza lilikuwa na kanuni ya kiungwana kwamba asiyeweza kukumbuka hahojiwi. Akithibitika msahaulifu, faili litafungwa, kipimo kitapokelewa kwa heshima ya utumishi wake, na jina lake litabaki juu ya jalada milele na milele. Athibitishwe kwa kipimo gani? Kwa kile kilicho bora kuliko vyote, wakili aliandika bila haya. Chake mwenyewe.

Barua ya kumpangia siku ilimfikia mpimaji wa chumba namba sita. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna jambo kati yao. Mkuu wa kitivo alikuwa ameshakufa, na mstari ule wa dibaji haukuwa na jina la mtu.

Dada aliisoma barua huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Kisha mguu ukasimama.

"Si uwapelekee tu madaftari? Tisa yote yapo kabatini."

"Nikiyapeleka nimemwokoa. Atasema, 'Ahaa, mpimaji wangu alinitunzia, Mungu ambariki.' Na mimi nitashukuriwa kwa kutunza."

"Basi mkatae. Waambie una kinyongo naye, apimwe na mwingine. Si ndiyo haki?"

"Ndiyo haki."

"Na?"

"Sitaki."

Dada alimtazama muda mrefu. Alikuwa amemjua mdogo wake kwa miaka hamsini na saba, akiwa na surua, akiwa na uchumba uliovunjika, akiwa mjane, na hakuwahi kumwona ametulia namna hii. "Wewe mtoto," alisema, "kumbe una meno." Kisha akakanyaga tena cherehani. "Umkosee adabu kidogo kwa niaba yangu pia. Mkasi wangu umo ukurasa wa tisa, na mimi sikushukuriwa hata kwa kupanga karatasi."

*

Siku hiyo Mama Saa aliwahi. Alifungua dirisha, akalifunga, akapanga penseli. Bahasha ya kaki ilikuwa kwenye droo.

Bwana Dibaji aliingia akiburuta miguu, jambo ambalo hakulifanya wiki iliyopita kwenye sherehe ya mahafali. Nyuma yake alikuja mjumbe wa baraza, mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye nywele fupi, aliyetumwa kushuhudia. Alisalimu vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa pale pembeni, usimtazame machoni akiwa anajibu."

"Huyu mama bado yupo?" Profesa alisema, akimtazama kama anayemtafuta ndani ya ukungu. "Nakufahamu? Uso naujua... jina limenitoka."

"Huwa linakutoka, Profesa. Keti."

Mjumbe alikohoa. Mama Saa alichukua fomu, akasoma kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka: umri, elimu, mkono anaoandikia, amelala vipi jana. Kisha: "Umewahi kuizoea Karatasi ya Kwanza ya kipimo hiki?"

Profesa akacheka, na kwa kicheko hicho akasahau kidogo kuwa amesahau. "Mama wewe! Kuizoea? Mimi ndiye niliyeiandika. Kipimo chote ni changu, kuanzia nukta ya kwanza mpaka ya mwisho."

"Chote?"

"Chote."

"Naandika hivyo. Weka sahihi hapa, tafadhali, kanuni ni kanuni."

Akatia sahihi kwa madoido, kwa mkono usiotetemeka hata kidogo. Mama Saa akaigeuza fomu kuelekea kwa mjumbe. "Mwanangu, hebu soma mwongozo, ukurasa wa arobaini na moja, mstari wa pili kutoka chini."

Mjumbe akafungua kitabu kile cha jalada gumu. "Endapo anayepimwa ameizoea Karatasi ya Kwanza, itumike Karatasi ya Pili." Akainua kichwa. "Lakini Karatasi ya Pili haijawahi kutoka. Tulishaiulizia."

"Haijatoka," Profesa alisema haraka. "Iko mbioni."

"Imefika," Mama Saa alisema, akafungua droo.

Aliiweka mezani bila kuisukuma. Karatasi ya zamani, iliyopigwa chapa kwa mashine ambayo herufi yake ya *k* ilikuwa imeinama, muhuri wa masjala pembeni, tarehe ya miezi minane kabla ya kitabu. Ukurasa wa maelezo aliubakiza kwake, kama inavyotakiwa, maana anayepimwa hasomi maelezo. Bwana Dibaji aliitazama ile karatasi kama mtu anayekuta mlango wa chumba ndani ya nyumba aliyoishi maisha yake yote.

Sekunde zilienda. Mama Saa hakuwa amebonyeza saa, lakini alizihesabu: kumi na moja.

"Profesa?" mjumbe aliuliza. "Hii si yako?"

Na hapo ndipo Mama Saa alipomtaka afike. Miaka ishirini na sita alikuwa amekiota kiti hiki na mtu huyu juu yake. Akisema *sijawahi kuiona*, basi si mwandishi. Akisema *ni yangu*, itambidi aifanye. Alimtazama akipita njia panda ile, akaona jasho jembamba juu ya mdomo, na hakumhurumia. Aliona utamu wake mpaka kwenye meno.

"Yangu, yangu," Bwana Dibaji alisema, akipangusa uso. "Bila shaka ni yangu. Nimeisahau tu! Si ndiyo sababu tuko hapa?" Akacheka. Mjumbe akacheka kidogo kwa adabu. Mama Saa hakucheka.

"Sehemu hii ni ngumu," alisema. "Watu wengi huishindwa. Ukishindwa usijali. Tazama picha, moja moja."

Akabonyeza saa.

Ndoo. Kufuli. Birika. Mwavuli. Picha za dada yake zilipita juu ya meza, sekunde tatu kila moja, arobaini. Kisha akaanza zile mbili mbili. "Onyesha uliyoiona."

Bwana Dibaji alikuwa mtu wa mikutano. Hakuwahi kuketi na msahaulifu hata mmoja kwa saa nzima. Ripoti zao alizisoma, na mara nyingi alisoma ukurasa wa mwisho tu. Alidhani msahaulifu ni mtu asiyepata kitu. Kwa hiyo alikunja paji la uso, akashika kidevu, akaguna, na kila mara lilitokea jambo lile lile, ambalo Mama Saa aliliona waziwazi kama jiwe ndani ya maji safi: jicho lilikwenda kwenye ndoo, likatua, kisha kidole kikaenda kwenye ngazi. Jicho kwenye mkasi, kidole kwenye kijiko. Jicho halijui kusema uongo. Kidole ndicho kinachofundishwa.

"Hii... au hii? Aa, akili yangu!" alilalamika kwenye jozi ya kumi na nane.

"Unaendelea vizuri sana," Mama Saa alimwambia, na alimaanisha.

Walipomaliza, alimshukuru, akamfungulia mlango. Profesa alitoka akiburuta miguu mpaka kwenye kona ya korido. Baada ya kona, viatu vilisikika vikilia kwa mwendo wa kawaida.

Mjumbe alikuwa anahesabu majibu, ncha ya penseli ikienda chini. Alihesabu mara mbili. "Mama, matano. Kati ya arobaini. Maskini, amekwisha kabisa."

"Ngoja kwanza. Angefumba macho, angepata ngapi?"

Penseli ilisimama. Mama Saa akampa ule ukurasa wa maelezo, akamwacha asome mwenyewe mpaka mstari wa mwisho. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na haikumchukua muda. Rangi ilimpanda shingoni.

"Anakumbuka zote," alisema polepole. "Lazima awe anakumbuka zote." Kisha akaongeza: "Na kama hii karatasi angeiandika yeye, angejua."

"Ala!" Mama Saa alisema. "Kumbe shule bado zinafundisha."

*

Asubuhi ya kikao cha baraza, Bwana Dibaji alimngoja kwenye ngazi. Matokeo yalikuwa yamemfikia. Hakuburuta miguu wala hakutafuta jina lake ndani ya ukungu. Alilitaja lote, na la baba yake.

"Tumetoka mbali, mimi na wewe. Toleo jipya linakuja. Nitaweka jina lako chini ya langu. Karatasi ile useme uliikosea kuhesabu, mtu mzima macho yake si yale, nani atakulaumu? Unataka nini zaidi?"

"Mbona umevimba?" Mama Saa alimuuliza. "Si nimekushukuru? Soma ripoti, mstari wa mwisho."

Akapanda ngazi.

Ndani, mwenyekiti alimuuliza Profesa kwa upole jinsi msahaulifu anavyoweza kukosea mara thelathini na tano kati ya arobaini bila kujua majibu. Bwana Dibaji alifikiri, na akafikiri kama mtu mwerevu, jambo lililommaliza. Alisema aliutambua mtego tangu mwanzo, kwani ni yeye aliyeutega, na alikuwa anajaribu tu kuona kama wapimaji wa siku hizi wanafuata mwongozo.

"Vizuri," mwenyekiti alisema. "Basi kumbukumbu ni nzima. Tunashukuru. Yako wapi madaftari?"

Kwenye kiti cha nyuma, kidole gumba cha Mama Saa kilibonyeza saa chenyewe kwa mazoea. Sekunde arobaini na nne. Hakuwahi kumpima mtu aliyekaa kimya muda mrefu hivyo na bado akawa na akili timamu.

Alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisimama akayapanga madaftari tisa mezani, moja juu ya jingine. Wakafungua popote. Mwandiko mmoja, wake, na kila ukurasa tarehe. Mwashi wa kitanda cha mbwa alikuwamo daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza. Safari hii alipata kumi na tatu kati ya kumi na tano. Kisha mlango ukafunguliwa na dada mtu akaingia bila kuitwa, pini bado kwenye kifua cha gauni, akaomba kitabu, akakifungua ukurasa wa tisa, na akaulaza mkasi wake kando ya picha. Tundu la kidole lilikuwa na kitambaa kile kile, au mjukuu wa kitambaa hicho.

"Mimi sina shahada," alisema. "Nina mkasi."

Bwana Dibaji aliinama kukusanya karatasi zake. Hazikuwa nyingi. Mama Saa alimtazama mpaka akazimaliza, akamtazama akitafuta kofia ambayo ilikuwa kichwani, akamtazama mpaka mlangoni. Mjumbe kijana aligeuza uso upande. Yeye hakugeuza.

Toleo jipya lilitoka baada ya mwaka mmoja na nusu, likiwa na Karatasi zote mbili. Juu ya jalada pana majina mawili, la mpimaji na la fundi cherehani, na maelezo ya Karatasi ya Pili yanauzwa kwa wapimaji peke yao, katika bahasha iliyofungwa. Baraza lilimwomba Mama Saa aandike dibaji. Aliandika nusu ukurasa, sehemu kubwa ikiwa juu ya mwashi. Mstari wa mwisho aliuchukua neno kwa neno kutoka kwenye ripoti yake ya chumba namba sita, na alimtaja Profesa kwa jina lake kamili, herufi zote, ili asije akachanganywa na mtu: *Shukrani pia kwake, kwa uvumilivu wake wakati wa kupimwa.*

Dada aliusoma kwa sauti, miwani ncha ya pua.

"Mfute huyu. Anachafua kitabu."

"Aa-a," Mama Saa alisema, akimnyang'anya taratibu. "Abaki. Kila atakayefungua amsome."